Kisawe cha "Mwepesi"

Fundi viatu alikigeuza kiatu cha mkewe, akakielekeza kwenye mwanga wa mlango, akatazama soli. Ilikuwa kama mpya. Viatu hivyo vyeupe vya wodini alivishona mwenyewe mwaka uliopita, na kwa jinsi wahudumu wanavyokimbizana, visigino vilipaswa kuwa vimelika upande. Havikulika. Ncha za mbele tu ndizo zilizokuwa na mikwaruzo.

"Siku hizi hukanyagi chini?" aliuliza.

"Kwa nadra," mkewe alijibu, akikunja sare yake. "Matroni ameniita mwepesi."

Fundi akaelewa. Wodi ile ilikuwa ya wahudumu watatu. Mmoja alistaafu, mwingine aliolewa akahama, vitanda vikabaki vilevile. Mkewe alipoomba atafutiwe mwenzake, Matroni, mama mpole mpenda lugha, alimsifu mbele ya wauguzi, kisha akaandika sifa hiyo kwa chaki kwenye ubao ulio karibu na birika la chai: Mwepesi.

Alipoomba tena, Matroni aliona kurudia neno ni uvivu. Akatafuta alichokiona kuwa kisawe: Msikivu. Tangu siku hiyo mkewe alisikia kengele kabla mgonjwa hajaigusa, hata akiwa nyumbani. Tonge likiwa mkononi, angesimama, aende hadi mlangoni, akumbuke kwamba zamu imekwisha, arudi kukaa.

Alipoomba mara nyingine alipewa Nyeti. Wauguzi wachanga walicheka wakiziba midomo, maana neno hilo wao walikuwa wamezoea kulitumia kwa sehemu nyingine za mwili. Jioni ile mkewe alishtuka kitandani akajishika ubavu.

"Nini?"

"Si mimi. Mzee wa dirishani anabadilishwa bandeji."

Haikuchukua muda akaanza kugonga balbu ya sebuleni kwa kichwa. Fundi alipigilia vyuma kwenye soli. Viatu vilitulia sakafuni kama walivyotarajia, miguu ikachomoka ikaendelea na safari.

Dawa ilipatikana kwa ugomvi. Mboga ilikuwa ikiungua, na mkewe alikuwa huko juu akisikiliza kengele za watu.

"Mzito wewe!" fundi alifoka. "Harufu yote hii huisikii?"

Mkewe akashuka puu, kama gunia. Walitazamana. Kisha mkewe akacheka, akisugua goti.

"Hebu nitukane tena."

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Kila aliporudi kutoka kazini, fundi alimkalisha kwa matusi. "Goigoi. Mzembe. Konokono."

"Sema kwa moyo, mume wangu. Bado kisigino."

"Mzito!"

Hapo angegusa chini, wale chakula. Lakini asubuhi ilipofika, visigino vilikuwa hewani tena. Fundi alipiga misumari madirisha yote. Akiwa dukani alishona huku akitazama angani, akijichoma sindano, akiwaza siku ambayo mtu atasahau kufunga mlango wa wodi. Mwishowe alivaa shati la pasi akaenda hospitali.

Alimkuta mkewe akielea juu ya vitanda, beseni mkono huu, shuka mkono ule. Wagonjwa walimpisha kwa kuinamisha vichwa.

"Karibu, shemeji," alisema Matroni. "Ukae, chai ipo."

"Matroni, nimekuja kwa ajili ya mke wangu. Nakuomba umpe neno zito. Andika hata mzito."

"Shemeji! Nikiandika mzito, ofisi itamfukuza kesho."

"Basi mtafutie mwenzake. Mtu mmoja tu wa kumshika mguu."

Matroni aliguswa. Aliwatazama wagonjwa, akamtazama yule mwanamke aliyekuwa akipita karibu na dari, machozi yakamlengalenga.

"Shemeji, acha nikwambie ukweli. Mkeo hana mwenzake."

"Ndicho nilichokuja kusema."

"Hana mwenzake kabisa!" Matroni alirudia, akifurahia jinsi maneno yalivyokaa. Akainuka, akafuta visawe vyote, akaandika kwa herufi kubwa: HANA MWENZAKE. Wauguzi wakapiga makofi. Fundi alitaka kusema jambo, lakini hakuna aliyekuwa akimtazama, hata yule aliyekuwa amemshikia kikombe cha chai. Kikombe kile kilirudishwa kwenye trei.

Jioni alipofika nyumbani mkewe alikuwa amekwisha kurudi. Alikuwa akielea juu ya meza na kujimiminia chai. Kikombe kilikuwa kimoja.

"Nimerudi," alisema fundi.

Mkewe aligeuza kichwa kuelekea kabatini, kisha mlangoni. Macho yake yalipita juu ya mumewe bila kukwama popote. Kitandani mto ulikuwa mmoja, katikati. Koleo na nyundo za fundi zilikuwa zimepangwa nje ya mlango, vizuri, kama vitu vya mpangaji aliyehama.

Fundi hakupiga kelele. Alivuta kiti, akakaa mahali pake pa siku zote, akamtazama. Nyayo za mkewe zilikuwa usawa mmoja na uso wa fundi.

"Mzito," alisema, kwa moyo.

Mkewe akashuka polepole hadi visigino vikagusa sakafu.

"Asante," alisema kwa upole, kama anavyosema na mgonjwa mgeni. "Sijui nani, lakini asante."

Akanywa funda moja. Kisha akainua uso, akasikiliza, na visigino vyake vikaachana na sakafu.

"Kengele inakuja," alisema.