Uso Uliotangulia Taarifa

Bomba la chuma likigonga mfupa lina mlio wake. Haufanani na wa mti wala wa ukuta. Mtangazaji aliusikia kabla hajakata kona ya uchochoro, akajua wamemtangulia. Akavua viatu vya visigino virefu, akakimbia peku, mpiga picha wake akihema nyuma na kamera begani.

Kosa lilikuwa la kituo chao cha runinga. Fundi viatu alikuwa amewaona walinzi wa kiwanda wakimpiga kibarua aliyegoma mpaka akakata roho. Alikubali kusema mbele ya kamera kwa sharti moja: uso wake usionekane. Mtangazaji, aliyejijengea jina kwa kutopindisha ahadi, alikaa na mhariri hadi ule uso ukawa ukungu na sauti ikawa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Taarifa ilikuwa safi. Lakini vionjo, zile picha fupi za kuwavutia watazamaji kabla ya habari kuanza, hukatwa chumba kingine, na kule walichota picha mbichi. Mtangazaji alikuwa ameshakaa kusoma habari alipoinua macho na kumwona fundi kwenye runinga ya studio, uso mzima, kovu la kidevuni likiwaka. Akainuka. Msimamizi akafoka kwamba wanaingia hewani sasa hivi. Akamjibu basi asome yeye.

Sasa fundi alikuwa chini, kati ya soli na misumari, na walinzi watatu juu yake.

"Haya, nyota wa runinga," alisema mwenye bomba. "Simulia tena, mashabiki tumekuja."

Bomba likashuka usoni. Mpiga picha akawasha taa, na katika mwanga ule mweupe damu ilionekana nyeusi. Mtangazaji alimlalia fundi. Pigo lililofuata likampata yeye mdomoni. Akayatema meno kama punje za mahindi. Mkono wake ukapapasa, ukakuta nyundo ya viatu, akaipeleka kwa nguvu zote kwenye goti lililokuwa karibu. Goti likaitika. Majirani walipotoka na mawe, walinzi walimburuta mwenzao akilia, wakatokomea.

Hospitalini daktari alisema fundi ataishi, ila jicho la kushoto limekwenda. Mkuu wa kituo alipiga simu: pole nyingi, likizo ndefu, na mdomo afunge. Kituo kingesema picha ziliibwa na kuingizwa hewani na watu wasiojulikana. Na kweli, runinga ya wodini ikasema hivyo hivyo, kwa sauti tamu ya msimamizi.

Mke wa fundi aliitazama hadi mwisho, gauni lake limeganda damu ya mumewe.

"Dada," akauliza taratibu, "ziliibwa?"

Mdomo wa mtangazaji ulikuwa umevimba, kila neno likimchoma kama sindano. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Hazikuibwa. Tulimwonyesha sisi."

Mwanamke akamshika ukosi, akamtikisa mpaka jeraha likafunguka tena. Mtangazaji hakujitetea. Alingoja ile mikono ichoke, kisha akaishika.

"Kesho nitakaa kwenye kile kiti na uso huu huu. Nitawataja wauaji na mwenye kiwanda aliyewatuma, halafu nitasema ni sisi tulioutoa hewani uso wa mumeo. Wakinifungia mlango nitauvunja, dada. Wakinizimia kamera, nitasimama barabarani niseme kwa mdomo huu uliobaki."