Ubao wa Pembe za Arden

Verlyn Tollefsrud aliingia kwenye ukumbi wa zimamoto na theluji mabegani, amekumbatia pembe za kulungu zilizofunikwa blanketi. Watu walimpisha. Wote walijua kwamba amemzika mdogo wake, Arden, kabla ya Krismasi, na walijua pia kwamba ndugu hao walikuwa wameacha kusemezana zamani. Leo ilikuwa siku ya kupima pembe, naye alikuwa na haja moja tu: jina la Arden liandikwe kwenye kitabu cha rekodi za wawindaji kuwa ndiye aliyemwangusha kulungu yule.

Ujinga wao, jamani, ulianza bondeni, kwenye shamba la baba yao. Walifyatua bunduki kwa pamoja, dume la kulungu likaanguka, na kila mmoja akaapa kwamba risasi ni yake. Walizozana hadi Arden akachoka. "Basi kaka, chukua zote," alisema. "Ila usizikate. Fuvu likishapasuliwa hazipimwi tena." Mwenye kiburi hata akipewa hashibi! Verlyn aliona anabembelezwa kitoto. Akachukua msumeno wa baba, akapasua fuvu katikati, akamtupia mwenzake nusu miguuni. Toka siku hiyo wakawa wanapishana mlangoni mwa kanisa bila hata salamu.

Baada ya mazishi, mjane wa Arden, Darlene, alimletea Verlyn nusu ile. Ilikuwa imefungwa kwa skrubu upande mmoja wa ubao mkubwa wa mwaloni, wa kutundikia pembe ukutani.

"Alisema nikupe, shemeji," Darlene alimwambia. "Pamoja na ubao wake."

Verlyn aliutazama ubao, akachukia. Nusu moja ya pembe, ubao wote ule wa nini? Arden na maringo yake hata kaburini! Akaifungua pembe, ubao akautupa nyuma ya pikapu. Kisha akaunganisha zile nusu mbili kwa gundi, akaziba ufa kwa puti, akapaka rangi ya mfupa. Alijua anachofanya ni udanganyifu. Hakujua njia nyingine ya kumwomba radhi maiti.

Mpimaji, Gordy Kuehl, alikuwa mezani na tepu yake ya chuma na kikombe cha kahawa.

"Haya, mzee, umetuletea kulungu au ng'ombe wa maziwa?" alitania. Blanketi lilipotoka, akaweka kikombe chini, akavuta tepu.

Alipima urefu wa pembe ya kulia, kisha ya kushoto. Akapima kila tawi na mwenzake, kisha unene. Pande zikitofautiana, tofauti hukatwa kwenye alama, na hapo ndipo pembe nyingi nzuri huangukia pua. Hizi hazikutofautiana.

"Lo! Hapa sina cha kukata," Gordy alisema. Watu walisogea, mmoja akampiga Verlyn mgongoni.

Ikabaki kupima upana wa katikati, kutoka pembe hadi pembe. Gordy aliligeuza fuvu, akapitisha kidole gumba chini yake, akasita. Akapitisha tena.

"Verlyn, hapa pana gundi."

"Pima tu."

"Nipime nini? Upana huu umeuweka wewe. Ungebana kidogo ungepungua, ungetanua ungeongezeka. Kulungu alikuwa na upana gani, hakuna ajuaye tena."

"Nakuomba, Gordy. Sijitafutii sifa. Jina ni la Arden."

"Najua ni la Arden." Gordy alivua miwani, akaifuta bila sababu. "Hata angekuwa mama yangu mzazi nisingeandika. Pole sana, ndugu yangu."

Verlyn alizifunika pembe, akatoka. Hakuna aliyemcheka, na hilo lilimuuma zaidi.

Kwenye pikapu alifuta theluji juu ya ubao ili apate pa kuziweka. Ndipo alipoona kwamba upande ule mtupu una matundu mawili ya skrubu, yamekaa kwa kuelekeana na yale ya upande wa Arden. Aliugeuza ubao. Nyuma, chini ya utepe uliokwisha kuwa wa manjano, zilibandikwa skrubu mbili ambazo hazijawahi kutumika.

Aliketi pale pale kwenye theluji. "Kumbe ulinitengea nafasi," alisema, akalia kwa sauti, mwanaume mzima na ndevu zake nyeupe. Nyumba ya Arden ilikuwa ng'ambo ya barabara tu kutoka nyumbani kwake. Miaka yote ile alichohitaji ni kuvuka na nusu yake mkononi.

Gordy alitoka kumtazama, akamkuta ameshazibandua pembe pale kwenye gundi, ameshika bisibisi.

"Nishikie hii ya Arden," Verlyn alisema. "Naanza na yangu."