Tingatinga Lisimame Kwanza

Habari za uwanja wa ndege zililetwa na chifu mwenyewe, Kafedha akiwa shambani Changamwe na jembe mkononi. Vita vya Wazungu vilikuwa vimefika baharini, ndege za jeshi zilitaka mahali pa kutua, na uwanja uliokuwapo haukutosha. Shamba lote lingesawazishwa: mihogo, mikorosho, na kaburi la mumewe Fondo pamoja na kigango chake.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu, imechongwa kichwa na mabega, ambayo Wagiriama huwasimamishia wazee wao wakubwa. Kikishasimama haking'olewi. Mchwa na mvua ndio wenye ruhusa nacho.

"Shamba na walichukue," Kafedha alimwambia shemejiye, Kalama. "Fondo simtoi."

"Utamzuia nani, shemeji? Serikali? Hata mbu wa hapa Changamwe wakimwona bwana D.C. hushika adabu."

Lakini asubuhi iliyofuata walivuka wote wawili kwenda kisiwani, kwa wakili Jivraj, Mhindi mwenye kikohozi na Kiswahili kizuri.

"Mfalme hazuiliwi na mahakama yake mwenyewe, mama," alisema Jivraj. "Ila mkandarasi anayelima kaburi si Mfalme. Tutamkamata yeye. Sasa nisikilize. Leo jaji hataamua nani mwenye haki. Hiyo ni kesi yenyewe, na kesi inazeeka kama mtu. Leo atauliza kama una neno la kusikilizwa, na kama akinyamaza utapata hasara isiyolipika. Mhogo unalipika. Mkorosho unalipika. Usiniletee mihogo mahakamani. Niletee Fondo."

"Na nikimleta?"

"Hapo atatazama mizani. Nani ataumia zaidi, wewe akikukatalia au wao akiwasimamisha."

Jaji alimsikiliza Jivraj peke yake siku ileile, upande wa pili haupo. Akasema tingatinga lisimame kwanza, mpaka Jumatatu, atakapowasikia wote.

Kafedha alirudi akalikuta limesimama kweli, ulimi wake wa chuma karibu na kigango, kimya kama ng'ombe aliyeshiba. Dereva wake, Kamau, kijana wa bara, alikuwa amekaa kivulini mwake.

"Umeoa chuma, bwana mdogo?" Kalama alimtania.

"Heri chuma, mzee. Hakina mashemeji."

Wakacheka wote watatu. Kafedha alishangaa kusikia kicheko chake mwenyewe.

Jioni Kalama akaleta shauri. Desturi ilikuwa hivi: ukoo ukihama, kigango hubaki pale pale, lakini huchongwa kibao kidogo ili marehemu apate njia ya kuwafuata watu wake. "Jaji ametupa nafasi," alisema. "Tukishindwa Jumatatu, nani atachonga huku tingatinga linanguruma? Tumweleze kaka mapema. Mtu haamshwi kwa kuburutwa."

Kafedha aliona ni maneno ya mtu mzima. Jumapili wakamwaga tembo la mnazi kaburini, wakamweleza Fondo mambo yote, habari za vita na za jaji, na kibao kikachongwa. Kamau alikuwa akitazama. Kwenye shughuli ya marehemu mgeni hapitwi, kwa hiyo Kafedha akampelekea kata ya tembo.

"Kwa hiyo sasa mzee anaweza kuhama?" Kamau aliuliza.

"Akipenda mwenyewe."

Kijana akatikisa kichwa kwa heshima. "Kwetu pia wafu wana masikio, mama."

Jumatatu chumba cha mahakama kilijaa. Mkalimani, Erastus, alisimama kando ya Kafedha. Jivraj alianza vizuri: kigango hakihamishiki, kikivunjwa hakuna malipo duniani yatakayokirudisha. Jaji aliandika. Kisha wakili wa mkandarasi akainuka, Mzungu mrefu, mpole.

"Mama, jana mlifanya nini kaburini?"

Jivraj aligeuka ghafla. Kafedha akaona usoni mwake kwamba jibu lilikuwa na mtego ndani. Angeweza kukana. Lakini ukikana tambiko ulilofanya jana, umemkana uliyemfanyia.

"Tulizungumza na mume wangu. Tukamchongea kibao."

"Ili ahame?"

"Ili aweze."

"Basi ameshaalikwa."

"Ameambiwa," alisema Kafedha. "Hajajibu."

Watu wakacheka. Jivraj aliruka kueleza kwamba mwaliko si safari, kwamba kibao hakiondoi kigango wala mifupa iliyo chini yake. Jaji alimwacha amalize.

Kisha akasema, polepole, Erastus akimfuata neno kwa neno, kwamba mjane alikuwa na neno la kusikilizwa. Lakini hasara yake haikuwa ile isiyo na dawa, kwa kuwa mila yake yenyewe ilikuwa na dawa, na jana dawa ilikwisha tumika. Upande wa pili wa mizani kulikuwa na vita. Akikosea kwa kuusimamisha uwanja, watu wangeweza kufa. Akikosea kwa kutousimamisha, kesi ingekuja baadaye kutengeneza kilichoharibika. Zuio likaondolewa. Akaongeza kwamba familia iruhusiwe kuchukua mifupa. Hakusema tingatinga lingoje.

Nje, Jivraj alikohoa mpaka machozi yakamtoka. "Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Uliniambia nikuletee Fondo. Ningemleta vipi bila kuzungumza naye?"

"Iko mahakama ya rufaa," alisema wakili.

"Na tingatinga litaingoja?"

Jivraj akaanza kupanga karatasi zake, ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Kafedha na Kalama walivuka tuta la Makupa kwa miguu, karibu mbio, wakipanga nani atachimba na nani atashika sanda. Lakini habari zilikuwa zimetangulia kwa simu. Walipofika, mkorosho wa mwisho ulikuwa umelala, na pale palipokuwa shamba pakawa ardhi nyekundu, laini, sawasawa kila upande, haina kilima wala shimo la kumwelekeza mtu.

Kamau alishuka, kofia mkononi. "Walinipigia simu, mama. Bwana mkandarasi alisimama hapa hapa mpaka nikamaliza."

"Nionyeshe alipokuwa," alisema Kafedha. "Nitachimba mwenyewe."

Kijana akanyoosha mkono. Akautazama, akausogeza kidogo kushoto. Akausogeza tena. Kisha akaushusha.