Programu Iliyofundwa Ndani ya Ramadhani

Namhimidi Aliyeutandaza mchanga wa jangwa la Tengger na kuijua kila chembe yake, Asiyeshikwa na usingizi wala kusinzia. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu, aliyetuusia kupima kwa haki. Baada ya hayo, nawapanga watu wa kisa hiki kila mmoja mahali pake.

Wa kwanza ni Suyin, wa ukoo wetu wa Na, binti wa ndugu yangu mdogo, fundi wa makabati ya diski katika ukumbi wa seva ulio nje ya mji wa Zhongwei, pale mashamba ya matikiti yanapokoma na jangwa kuanza. Wa pili ni Tie Wenhai, mwenzake wa meza moja, mtu asiyejua kunyamaza. Wa tatu ni Mkuu Guo, msimamizi wao. Si wa dini yetu, ila mchana wa mfungo hali wala hanywi mbele yetu. Nami ni baba yake mkubwa Suyin, ninayeswalisha katika msikiti wa ng'ambo ya mfereji. Mengine niliyaona, mengine nilisimuliwa.

Ndani ya makabati hayo zilihifadhiwa sauti. Watu wetu wa milima ya Haiyuan wametawanyika nchi nzima, wakivuta tambi kwa mikono katika mikahawa ya miji ya pwani. Wakiingiwa na hamu ya nyumbani, huiambia simu maneno yao. Maneno yakasafiri hewani, yakaja kulala kwenye diski za huku kwetu hadi mama au mke apate nafasi ya kuyasikiliza. Kabati la saba ndilo lililobeba sauti kongwe kuliko zote. Zamu yake ya kunakiliwa katika jengo jipya ilikuwa haijafika. Humo zilikuwamo sauti alizomtumia Suyin zamani ndugu yangu, baba yake, aliyetangulia mbele ya haki mwezi wa Shaabani, na hapakuwa na mahali pengine duniani zilipobaki.

Ramadhani ilipoandama, Mkuu Guo aliwapa hao wawili kazi ya kuweka programu ya kuangalia utendaji wa makabati. Wakaisimika kwenye seva yake, wakaipa ruhusa ya kuingia kila kabati kwa kutazama tu bila kugusa, wakaifundisha kuuliza: maombi mangapi yameletwa, na kila ombi limengoja kwa muda gani? Programu ya namna hii haizaliwi na akili. Huachwa kwanza itazame kimya, ijifunze hali ya kawaida, na baadaye kila kinachokwenda kinyume na hali hiyo hukipigia kengele.

Basi ikatazama. Mchana makabati yalipumua polepole kama watoto waliolala. Jua likizama, watu wakishafuturu, sauti zilimiminika kutoka pembe zote za nchi, na mistari ya vipimo kwenye kioo cha kompyuta ikainuka kama vilima vya mchanga vinavyosukumwa na upepo. Ikashuka, ikainuka tena wakati wa daku, ikatulia. Suyin aliniambia kuwa akiitazama mistari ile alihisi anaona safu za watu wasioonekana, wakirukuu na kuinuka.

"Dada, hii mashine inafunga kuliko wewe," alisema Wenhai.

"Kuliko wewe, sema. Nani alitema mbegu za tikiti kwenye ndoo saa nane mchana?"

"Hizo za jana!"

"Za jana, na bado zinachuruzika maji?"

Hakuna aliyewazia kuwa mwezi ule si kipimo cha miezi mingine. Kwetu Ramadhani ndiyo mwezi ulionyooka, na iliyobaki ndiyo inayopinda. Kwa hiyo programu ilipouliza kama ihifadhi hali hii kuwa ya kawaida, walikubali pasi na kusita.

Idi ikapita. Siku iliyofuata niliwapelekea youxiang, mikate yetu ya kukaanga, sadaka ya kumwombea marehemu. Nikakuta vioo vyote vimeiva wekundu kama matunda ya goji. Mikahawa ya tambi ilikuwa imefunguliwa tangu alfajiri, watu wanapeana mkono wa Idi kwa sauti mchana kutwa, na kila kabati linapigiwa kengele.

"Suyin, programu yako ina wazimu," alisema Mkuu Guo. "Zima kengele zote. Tutaanza upya."

"Haina wazimu, Mkuu," akadakia Wenhai. "Imesilimu. Inaona watu wanapayuka mchana, inashtuka."

Suyin hakucheka. "Kosa letu, Mkuu. Tumeifundisha mwezi wa mfungo. Lakini nikizima zote na kumbe moja ni ya kweli, nani ataisikia?"

"Ipi hiyo ya kweli?"

"Sijui bado. Nipe mpaka Alasiri."

"Alasiri yenu hiyo saa ngapi?"

"Kumi na moja hivi."

"Kumi na moja. Isizidi."

Akaketi. Aliacha kuuliza ni kabati lipi lililochoka kuliko mwezi uliopita, akauliza ni lipi linalochelewa kujibu ilhali halina kazi. Vilima vikaanza kuzama kimoja kimoja, wekundu ukapauka, na ukumbi ukavuma kwa mbali kama bahari isikikayo ndotoni. Mstari mmoja ulikataa kushuka: kabati la saba. Sauti zake kongwe ziliombwa na wachache, na bado kila ombi lilingojeshwa.

"Mwenye mzigo akihema si ajabu," alisema Suyin. "Huyu anahema amekaa."

Diski mojawapo ilikuwa ikisoma mahali pale pale tena na tena kabla ya kujibu, na jirani yake ameanza ugonjwa huo huo. Kabati huvumilia kufa kwa diski moja. Zikifa mbili, yaliyomo hayasomeki tena. Suyin alinigeukia. "Baba mkubwa, za baba zimo humu."

Mkuu Guo akaamuru sauti zihamishwe kabati jingine papo hapo. Wenhai akainama sikioni mwa Suyin, lakini nilimsikia. "Anza na za mzee. Dakika tu. Nani atajua?"

Mkono wa Suyin ulisimama juu ya kibodi. Nami, Mola anisamehe, nilitamani amsikilize.

"Wenhai, zote humu ni za baba wa mtu," alisema hatimaye. "Nikirukaruka huku na huku ndani ya diski, mgonjwa atachoka mapema. Zitatoka kwa mpangilio zilivyolala."

Zikatoka. Ilikuwa kana kwamba umati wa watu unapita mbele yetu kwenye ukungu, kila mmoja amebeba neno lake kama taa ndogo. Jua lilikuwa limeegemea mchanga diski ya pili ilipoifuata ya kwanza na kunyamaza. Karibu zote zilikuwa zimevuka. Za ndugu yangu zilikuwa mkiani. Moja tu ilikuwa imefika, nayo nusu.

Suyin akaifungua. "Suyin, umekula? Huku upepo umeanza, matikiti yame..." Kisha kimya.

Wenhai alijifuta uso kwa mkono wa shati, asitie neno. Mkuu Guo akasema, "Programu ibaki." Na Suyin, machozi yakimtiririka, akaifutia kipimo kile, akaiacha itazame upya siku za kula, na kipimo cha Ramadhani akakiweka kando, kiwashwe kwa mkono kila mwaka mwezi ukionekana, kwa sababu kalenda ya mashine haiujui mwezi wetu.

Ewe Mola, msikivu wa kila sauti, iliyohifadhika na iliyopotea: mrehemu aliyetangulia, na uwatie subira waliobaki, mpe Suyin malipo ya alichokiacha kwa ajili ya baba za watu, wape walio mbali njia ya kurejea kwao, na wanaowangoja uwape umri wa kuwapokea. Amina.