Mkalimani wa Mama Mkwe

Mara tatu Nyanjige alikwenda kutibiwa, na mara tatu alitibiwa kabla hajakaa. Daktari wa kwanza aliandika dawa za malaria huku akiongea na simu. Wa pili alimwambia ni uzee, utadhani uzee unatoa damu. Wa tatu hata sura yake hakuiona, kwa sababu hakuinua kichwa. Safari zote hizo jirani yake Kornelia alikuwa pembeni akimtafsiria Kisukuma chake bila haya: mama huyu alikoma hedhi miaka tisa iliyopita, sasa damu imerudi na haikatiki. Alikuwa anauambia ukuta.

Ndipo habari zikafika kijijini kwamba Bariadi kumekuja daktari mpya anayesikiliza, Salvatory, mtu wa Songea. Watu walisimulia kama muujiza. Anakupa kiti, anakuamkia, anaweka kalamu chini mpaka umalize! "Huyo ndiye wako," Kornelia alisema. Lakini wiki ileile Kornelia akafiwa na dada yake huko Lamadi, akaenda kulea watoto wa marehemu. Blandina, binti pekee wa Nyanjige, alikuwa na kichanga cha siku nane. Aliyebaki mwenye pikipiki na Kiswahili cha kueleweka ni Method, mume wa Blandina.

Mkwe, jamani. Katika ukoo ule mama mkwe na mume wa bintiye hawali pamoja wala hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja huiacha njia akapita porini. Method alikuwa kijana wa adabu, tena adabu iliyopitiliza. Alimpakia mama mkwe, akaweka gunia la magunzi katikati yao wasigusane. Nusu saa nzima hawakusemezana. Nyanjige alikuwa amekunja vipande viwili vya khanga ndani ya nguo, akiomba visilowe kabla hawajafika.

Daktari alisimama kumpokea. "Shikamoo, bibi." Kisha akamgeukia Method. "Wewe ni nani wake?"

"Mtoto wake," Method alijibu, na hakudanganya, maana mkwe ni mtoto.

"Tuna nesi anajua Kisukuma. Nimwite?"

"Hapana haja, dokta. Nitatafsiri mwenyewe."

Mgeni wa Songea angejuaje? Alifurahi kumwona kijana anayemjali mama yake namna ile. Akaweka kalamu chini na kungoja. Hakuna aliyewahi kumngoja Nyanjige hivyo, si baba yake, si marehemu mumewe. Aliona mbele yake mtu atakayeamini lolote atakaloambiwa, na akaumia moyo kwamba amempata akiwa na huyu. Akasema mguu. Akaeleza goti, baridi ya asubuhi, kuchechemea akienda kisimani. Method alitafsiri kwa raha.

"Na kingine?" daktari aliuliza.

Nyanjige akazikunja na kuzikunjua ncha za khanga yake.

"Asiharakishe. Muda upo."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na bila shaka walisema wakiwa wazima. Nyanjige aliinama mpaka kidevu kikagusa kifua, akayasema yote kwa Kisukuma: damu, miezi kumi na moja, harufu, maumivu yanayokata kiuno. Aliyasema mbele ya mkwe wake. Uso ulimwungua kwa aibu, lakini moyo ulitulia, kwa kuwa sasa limesemwa mbele ya mtu mwenye masikio.

Method alitazama dirisha. Jasho lilimchuruzika shingoni.

"Anasema mguu ukimzidi, maumivu yanapanda mpaka kiunoni."

Kiswahili cha Nyanjige kilikuwa cha mnadani tu, lakini mguu aliujua, na kiuno alikijua. Damu pia aliijua. Hakuisikia.

Daktari hakuridhika. Alisogeza kiti chake, akamtazama mama, si Method. "Bibi, ni hivyo?"

Neno moja lingetosha. Lakini neno hilo lingemfanya mkwe kuwa mwongo mbele ya mgeni, na Blandina na kichanga chake walikuwa wamelala chini ya paa la mtu huyo. Daktari alingoja. Alingoja muda mrefu, masikini, kwa uungwana wake wote.

"Ndiyo, baba," Nyanjige alisema.

Akapewa vidonge na dawa ya kuchua, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Siku ilipofika Method alikwenda peke yake, akasema mama anaendelea vizuri. Daktari alimshukuru, akamtumia mama salamu. Nyanjige naye hakulisema tena jambo lile kwa mtu yeyote. Alikuwa amelisema mara nne, na mara zote nne halikumfaa kitu.

Alikufa mwezi wa saba, watu wakiwa wanauza pamba. Kornelia aliwahi kutoka Lamadi, akaingia na wanawake wengine kumwosha maiti. Walikaa humo muda mrefu, wakaagiza maji mara ya pili, kisha ya tatu. Walipotoka, hakuna aliyelia. Kornelia alifuta mikono, akaenda moja kwa moja walipokaa wanaume, akasimama mbele ya Method.

"Mwanangu, yule daktari alisema mama anaumwa nini?"

Method hakuinua macho.

"Mguu," alisema.