Kofia Nyekundu ya Macalder

Siku ile ya mashindano ya uokoaji mjini Homa Bay mjinga alikuwa Zablon, na yeye mwenyewe hakatai. Anachobishia mpaka leo ni kiasi tu.

Kikundi chao cha zimamoto kilikuwa cha kujitolea, wachimba dhahabu wa Macalder karibu wote, na Zablon ndiye nahodha, mwenye kofia nyekundu ambayo hata mezani haikumtoka kichwani. Mwaka wa tisini na tano walishika mkia. Wenzake wakamwambia wazi: tukishindwa tena, kofia inakwenda kwa Pauline, muuza samaki aliyesomea huduma ya kwanza. Basi mwaka uliofuata Zablon akaja kushinda, aumie atakayeumia. Aliyeumia hakuwa yeye.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: gari bovu linalazwa ubavu, mtu wenu anaingia kujifanya majeruhi, nanyi mnamtoa. Majeruhi wao alikuwa Levis, shemeji yake Zablon, bingwa wa kuigiza vilio. Alijipenyeza ndani ya Datsun akiimba, akaacha mguu mmoja nje, pale palipokuwa kioo cha mbele.

"Lia vizuri, shemeji," Zablon akamwambia. "Waamuzi wana masikio."

"Nitalia mpaka mama anisikie kule kwetu Nyatike!"

Filimbi ikapulizwa. Pauline akaja mbio na mbao mikononi. "Tulizuie gari kwanza, nahodha. Litahama."

"Mbao kapikie samaki! Unatupotezea muda."

Zablon akachomeka mtaimbo chini ya paa, akakandamiza. Datsun ikainuka kidogo, ikayumba, kisha ikajilaza upya, juu ya mguu wa Levis.

"Mayo! Mguu! Zablon, mguu wangu!"

Watazamaji wakapiga makofi. Zablon akacheka mpaka magego yakaonekana. Kule mashimoni, kifusi kikifunika watu, anayepiga kelele huachwa kwanza, maana pumzi anayo. Anayekimbiliwa ni aliyenyamaza. Kwa miaka yote aliyochimba, kilio kwake kilikuwa habari njema.

"Ongeza, yawa!" akamhimiza.

"Si mchezo! Zablon, si mchezo!"

"Mmesikia jamani? Eti si mchezo! Huyu tumpeleke redioni!"

Pauline akamshika mkono. "Huyo haigizi." Zablon akamsukuma kando. Kamba ikapitishwa kwapani mwa Levis, kama wafanyavyo shimoni, wanaume wakavuta kwa pamoja. Kitu kikalia mle ndani kama muwa unaovunjwa gotini. Levis akatoka. Kiatu kikabaki.

Halafu Levis akanyamaza. Hapo ndipo Zablon alipopiga magoti na kumwita shemeji yake kwa jina.

Levis alipozinduka, mwamuzi Mokaya alitazama saa: hakuna kikundi kilichowazidi mbio. Akatazama na mguu, uliokuwa umeelekea kusikoelekea miguu. Akatangaza sufuri.

"Sufuri?" Zablon akaruka. "Tumewashinda wote, halafu sufuri?"

"Mguu umevunjika, bwana."

"Mguu! Tuliambiwa tumtoe, tumemtoa. Anapumua, anaongea. Macalder mtu kama huyo tunamwita mzima! Pauline, hebu mwambie."

Pauline alikuwa amechutama kando ya machela, akiufunga mguu wa Levis kwa zile mbao zake. Hakuinua hata kichwa.

"Aliingia akitembea, Zablon. Leta kofia."