Mkwe Wangu, Wagiriki na Jina Langu

Nimekasirishwa na watu wengi katika maisha yangu, lakini sikuwahi kukasirishwa na watu waliokufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita mpaka nilipokuja Doha kumwona mjukuu.

Binti yangu Valerie, ambaye ni nesi, alikuwa amejifungua msichana wa pili. Nilikuja na njahi, maharagwe yetu meusi, kwenye sanduku, maana kwetu Mukurwe-ini mzazi asiyekula njahi tunamhurumia kama mgonjwa. Mtu wa forodha alizishika zile punje nyeusi akaniuliza ni nini. Kwa Kiingereza changu cha darasa la saba nikamwambia ni dawa ya mama. Akanipungia mkono nipite. Hapo nikadhani Qatar ni nchi rahisi.

Na nilikuja, wacha niseme, kuchukua kilicho changu. Kwetu msichana wa kwanza huitwa mama ya baba, na wa pili huitwa mama ya mama. Hakuna mkutano wala kura. Wa kwanza wa Valerie ni Njoki, jina la mama ya mume wake, na siku hiyo nilipiga vigelegele kuliko huyo Njoki mwenyewe, kwa sababu nilijua zamu inayofuata ni ya nani. Huyu wa pili ni Wairimu. Ni mimi. Mtu akiitwa, yaani mtoto akipewa jina lake, hata akiwa chini ya udongo kuna mwingine anayeitika jina lake akitumwa chumvi. Asipoitwa, anazikwa nalo.

Lakini nilifika nikakuta mtoto anaitwa "mtoto."

Mume wa Valerie ni Wayne. Mchana anashughulika na kompyuta katika ofisi moja huko Lusail, jioni anakwenda chuo kikuu kusoma falsafa ya Waislamu wa kale. Usiniulize Mpresbiteri wa Nyeri ametafuta nini huko. Ni kijana wa heshima. Kwa mila yetu mkwe na mama mkwe hawatazamani sana machoni, ila nyumba ya vyumba viwili pale Muaither haijui mila. Tulikuwa tunapishana koridoni kama malori mawili kwenye daraja la lori moja.

Usiku mmoja tulikuwa mezani.

"Mum," akasema, akiutazama wali, "tumefikiria mtoto aitwe Hikma."

"Nani amefikiria?"

"Mimi na Valerie."

Valerie alikuwa anakunja nepi. Akaikunjua, akaikunja tena ile ile.

"Hikma ni nani kwenu?"

"Si mtu, Mum. Ni hekima, kwa Kiarabu." Akainua macho, akasahau mila. "Zamani huko Baghdad kulikuwa na watu waliochukua elimu ya Wagiriki wakaitafsiri. Wengine wao walikuwa Wakristo. Kigiriki kinaingia Kisiria, Kisiria kinaingia Kiarabu. Halafu Waislamu wakakaa nayo, wakaifikiria, wakaipeleka mbele. Huko Ulaya sehemu kubwa ilikuwa imeshasahaulika. Nataka binti yangu abebe kitu kama hicho."

"Abebe Wagiriki."

"Abebe hekima."

"Na mimi nibebwe na nani?"

Akaweka kijiko chini. Alianza kunieleza polepole, vile mtu anavyomweleza mgonjwa namna ya kumeza vidonge, na mimi sipendi sauti hiyo.

"Jina si mtu, Mum. Kuna mwanafalsafa mmoja." Akamtaja. Majina yao yote ni marefu kama treni ya Lusail, kwa hivyo mimi namwita Tabibu wa Bukhara. "Huyu alisema hivi: kitu ni nini, hilo ni swali moja. Kama kitu kipo, hilo ni swali lingine. Unaweza kujua birika ni nini na bado usijue kama kuna birika."

"Simama uende jikoni uangalie."

"Ngoja. Alisema pia: fikiria mtu ameumbwa mara moja, mzima, ananing'inia hewani. Haoni, hasikii, hata vidole vyake havigusani. Hajui lolote la dunia. Lakini anajua kwamba yupo. Unaona? Hana jina, na bado ni yeye. Jina ni ganda tu."

"Na chakula kikiiva," nikasema, "huyo mtu wako anaitwa vipi ndio ashuke?"

Valerie ndiye aliyejibu, bila kunitazama. "Mum, tafadhali."

Maneno mawili tu, nayo ndiyo yaliyonichoma. Wayne ni mtoto wa watu, sikumzaa. Kama ameamua kuning'inia hewani na Tabibu wake, ni shauri lake. Lakini huyu nilimbeba mgongoni nikichuma kahawa ya wenyewe. Nilimpeleka shule mpaka akajua kumdunga sindano Mwarabu. Leo jina langu linavuliwa mezani kama kiatu chenye matope, naye anakunja nepi. Sikumaliza wali. Nilikwenda kulala nikiwa nimekasirika, nikaamka na hasira yangu imeshaoga na kuvaa.

Nikachemsha chai.

"Silvesta," nikamwambia Wayne alipotoka chumbani, "sukari iko hapo."

Akatazama nyuma yake. "Mum, mimi ni Wayne."

"Najua sana wewe ni nani. Hilo ni ganda tu nimebadilisha."

Akacheka. Valerie hakucheka, aliinamia kikombe, maana yeye alimjua Silvesta. Silvesta alikuwa beberu wetu Valerie akiwa mdogo, mwenye ndevu na harufu ya kufungulia mlango. Aliwahi kula Biblia ya mchungaji kuanzia Mwanzo hadi karibu na Zaburi. Hakuna mnyama aliyesoma kuliko yeye pale kijijini.

Basi ikawa Silvesta asubuhi, Silvesta jioni. Silvesta viatu vyako viko njiani. Silvesta mtoto amelala, funga mlango taratibu. Akiegesha gari nachungulia dirishani, namwita kwa nguvu alete maziwa kutoka bakala, duka la pale chini, na yule Mhindi wa dukani, ambaye ni mtu wa adabu, akaanza kumwita Mista Silvesta. Hata Njoki mdogo akashika. "Baba Silvesta, nibebe." Siku ya kwanza Wayne alicheka, ya pili akatabasamu, baadaye akawa anafunga mlango wa gari kwa kishindo. Mimi sikucheka hata mara moja. Watu wanadhani utani ni kicheko. Mimi wakati huo moyo ulikuwa unachemka kama sufuria iliyofunikwa, na kila Silvesta ilikuwa mvuke unaotoka pembeni.

Ikafika Ijumaa, ambayo hapa ndiyo Jumapili. Baada ya ibada watu wa ushirika wakaja kuona mtoto. Wayne alikuwa amepanga kwamba wakishakula na kuomba, yeye asimame atangaze jina. Nilijua, kwa sababu aliniomba mandazi ya kutosha.

Aliyeongoza maombi siku hiyo ni Philipo, dereva wa teksi, mtu mnene mwenye sauti ya kuamsha jengo. Alikuwa mgeni katika ushirika, hajawazoea wenyeji wangu. Alikuja pia Shamira, Mganda, Mwislamu, anayesoma darasa moja na Wayne. Alipiga magoti kunisalimu, akaniita Jjajja, yaani nyanya kwa lugha yao, akaingia jikoni kunisaidia kupakua bila kuombwa. Nilimpenda papo hapo, ila sikumwonyesha.

Nilipita na chai. "Silvesta, sogea kidogo nimpe Philipo kikombe." Philipo akasikia, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akaliweka jina hilo moyoni.

Tukasimama kuomba. Philipo akaombea Qatar, akaombea Kenya na Uganda, akaombea wenye mikataba inayoisha. Kisha akanyoosha mkono.

"Na sasa, Bwana, umbariki baba wa nyumba hii, mtumishi wako Silvesta..."

"Mimi siitwi Silvesta," Wayne akasema.

Philipo hakufungua macho. "Na hata akilikana, Bwana, kama Petro alivyokana mbele ya jogoo, umsamehe..."

Mtu mmoja akakohoa. Valerie akatoa sauti puani, akajifunika kwa leso ya mtoto, lakini ilikuwa imeshatoka: alikuwa amecheka.

"Unacheka nini?" Wayne akamgeukia.

"Silvesta," Valerie akasema, machozi yakimtoka, "alikuwa beberu wetu."

Sikuwa nimewahi kumwona Wayne akikasirika hivyo. Uso wake ulikuwa kama umepakwa majivu.

"Mum. Wiki nzima. Ndani ya nyumba yangu, na sasa mbele ya watu ninaoabudu nao. Unaniita mbuzi?"

"Kumbe linauma," nikasema.

"Hilo ni jambo lingine kabisa."

"Ni ganda lile lile. Ulilitoa kwangu ukalitupa, nikakupa lingine. Mbona huning'inii hewani ukajijua tu?"

Shamira alikuwa amesimama mlangoni na sahani. "Ssebo, bwana, hapo Jjajja amekubana," akamwambia Wayne. "Hata neno falsafa lenyewe ni la Wagiriki. Waarabu walikuwa na neno hikma, zuri tu, na walilitumia. Lakini lile la kigeni hawakulitupa. Na yule Mgiriki wao mkubwa wakamwita Mwalimu wa Kwanza. Wa kwao alipokuja, hata kwa ukubwa wake wote, wakamwita wa Pili."

"Waliheshimu, sikatai," Wayne akasema. "Lakini hawakunakili, Shamira. Walibishana na Wagiriki, wakawakosoa, wakaongeza yao. Ndiyo maana tunawasoma. Mtoto wangu si nakala ya mtu."

Lilikuwa neno la maana, na ndiyo sababu lilinikasirisha kuliko yote.

"Nani amekuomba nakala?" nikasema. "Mimi nimeitwa jina la nyanya yangu. Wairimu yule hakuwahi kuinua sauti mbele ya wanaume, hakuwahi kufanya mzaha, hakuwahi kuvuka mto Chania. Mimi nimevuka bahari na nimekugeuza beberu. Niambie wapi nimemnakili."

"Nyamazeni."

Alikuwa Valerie. Alisimama na mtoto begani, akishikilia ukuta kwa sababu mshono ulikuwa bado unamuuma.

"Wewe," akamwambia Wayne, "ulisema tumefikiria. Ulifikiria. Mimi nilikuwa kitandani nimeshonwa, ukaniambia tayari imeshakuwa, nikakosa nguvu ya kubishana." Akanigeukia. "Na wewe Mum, uliona nimenyamaza ukadhani nimekutupa. Hukuniuliza. Badala yake umemfanya mume wangu kichekesho mbele ya kanisa. Philipo atamwombea mbuzi mpaka mkataba wake uishe."

Philipo akaangalia viatu vyake.

"Huyu nimembeba mimi, si nyinyi na Wagiriki wenu. Anaitwa Wairimu. Na Mum, usipige vigelegele, sijakuambia umeshinda. Nataka mtu wa kumwita Mama nikiwa nimechoka na wewe."

Sikupiga vigelegele. Midomo ilikuwa tayari, nikaifunga.

Wageni wakaondoka mapema, wakiniaga kwa sauti za matanga. Philipo alimshika Wayne mkono kwa mikono yake yote miwili akamwomba radhi, na kwa hofu akamwita Bwana Petro. Wayne akaenda kukaa ndani ya gari lake. Mandazi yakabaki, mengi.

Jioni nilimpelekea Valerie bakuli la njahi. Akalipokea bila kunitazama, akala akiwa ameelekea ukutani. Kwetu, mtoto akishaitwa jina la mamako, unamwita Mama, na unamsemesha kama mamako. Valerie alikuwa amemlaza magotini.

"Mama," akamwambia mtoto, "wewe ni mkorofi."

Nikakaa kwenye kiti karibu na mlango.

"Mama, mimi nilikuwa na maumivu, na wewe ulikuwa na shughuli za beberu. Unajua uliniumiza?"

Mtoto akapiga miayo, akageuza uso upande wangu. Ana kidevu changu, hata Wayne anajua.

"Najua," nikasema.

Valerie akachota kijiko kingine cha njahi.

"Siongei na wewe," akasema. "Naongea na Mama."